Mawe Yanang'aa Yakiwa na Maji, Yakikauka Yanaingia Ukungu: Kosa Liko Wapi?

Swali: "Nina mashine ndogo ya kubingirisha mawe, yenye pipa moja la mpira. Nimeyapitisha mawe yangu hatua zote nne, kila hatua wiki moja, kama maelekezo yalivyosema. Humo mna akiki, yaspi, amethisto kidogo, mawe meupe niliyookota mtoni na vipande vya jiwe jeusi linalofanana na kioo. Nilianza na pipa lililojaa theluthi mbili, na kufikia mwisho lilikuwa chini ya nusu. Nikiyatoa majini yanang'aa, lakini yakikauka yanaingia ukungu, na kwenye kingo za mengine kuna vialama vyeupe kama mwezi mwandamo. Je, poda ya kung'arishia niliyonunua ni mbovu? Na je, nirudie yote tangu mwanzo?"

Jibu: Usinunue poda nyingine. Hata ungeibadilisha mara tatu, mawe haya yangetoka vilevile. Umeyaeleza mambo kwa makini, na karibu kila ulichokitaja ni dalili ya jambo fulani. Nitaanza na hilo la maji, kwa kuwa ndilo linalowadanganya wengi.

Jiwe lililosuguliwa bila kumalizwa limejaa mabonde madogo ambayo jicho haliyaoni moja moja. Mwanga ukilipiga, kila bonde linaurusha upande wake, nasi tunapokea mwanga uliotawanyika. Huo ndio ukungu unaouona. Ukilitia maji, maji yanajaa kwenye mabonde yale, uso wa jiwe unakuwa kana kwamba umesawazishwa, na mwanga unarudi kwa pamoja. Kwa muda mfupi maji yanaifanya kazi ambayo mashine haikuimaliza kwa mwezi mzima, kisha yanakauka na ukweli unarudi. Kwa hiyo maji yana manufaa wakati wa kuchagua mawe ghafi, kwani yanakuonyesha rangi zitakavyokuwa. Lakini wakati wa kupima kazi, liache jiwe likauke kabisa, ulishike chini ya taa, uligeuzegeuze mpaka mwanga uteleze juu ya uso wake. Fanya hivyo mwisho wa kila hatua, si mwisho wa safari tu.

Sasa fikiria ukubwa wa mikwaruzo yenyewe. Mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa kati ya mikromita 0.4 na 0.7 hivi, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chenga za kusugulia za nambari 80, ambazo ni za hatua ya kwanza, zina upana wa karibu mikromita 200. Za nambari 220, za hatua ya pili, ni kama 60. Za nambari 500, za hatua ya tatu, ni kati ya 10 na 20. Poda ya kung'arishia ni mikromita 1 hivi au chini ya hapo. Jiwe linaanza kung'aa pale mikwaruzo iliyobaki inapokuwa midogo kiasi kwamba mwanga haujali tena kuwapo kwake. Ukiziangalia namba hizo utaona kwamba kila hatua imepewa kazi moja tu: kufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia na kuacha midogo zaidi. Mkwaruzo wa chenga za 80 ukiponyoka hadi kwenye poda, poda itang'arisha kingo za bonde hilo na kuliacha bonde lenyewe palepale. Ni kama kupiga pasi nguo iliyochanika: mikunjo itanyooka, tundu litabaki.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mng'ao wa jiwe hutengenezwa katika hatua ya kwanza. Hatua ya mwisho inaufunua tu. Na ndiyo maana ile "wiki moja moja" uliyoifuata naiona kuwa chanzo kikuu cha tatizo lako. Kwa hatua ya pili na ya tatu, wiki moja kwa kawaida inatosha. Kwa hatua ya kwanza, kalenda haina mamlaka. Akiki na yaspi zilizoanza na kingo kali, mashimo na maganda ya nje zinaweza kudai wiki tatu, nne, hata zaidi, na mawe mawili yaliyoingia siku moja hayatakuwa tayari siku moja.

Mimi hufanya hivi. Kila baada ya siku saba nafungua pipa, naosha kila kitu, nayaanika mawe, kisha nayagawa mafungu matatu. Yaliyokuwa mviringo, hayana shimo wala ufa, nayaweka kwenye chombo chake yasubiri. Yanayohitaji muda zaidi yanarudi pipani na chenga mpya. Yaliyopasuka vibaya nayavunja kwa nyundo, miwani ikiwa machoni, au nayatoa kabisa. Nafasi iliyobaki pipani naijaza kwa mawe mapya ghafi. Baada ya miezi miwili au mitatu chombo kile kinakuwa na mawe ya kutosha pipa zima, yote yakiwa yamekamilika kweli, ndipo hatua ya pili inapoanza. Huu ni mwendo wa polepole na unamtaka mtu ajizuie. Lakini hakuna dawa nyingine ninayoifahamu inayobadilisha matokeo kiasi hiki.

Kubadilisha chenga kila wiki si ubadhirifu. Chenga hizi ni silikoni kabaidi, kitu ambacho Edward Acheson alianza kukitengeneza huko Marekani mwaka 1891, na ugumu wake uko juu ya 9 katika kipimo cha Mohs, kipimo cha ugumu wa madini kinachoishia 10. Ni ngumu lakini hupasuka kwa urahisi, na kila inapopasuka hutoa kingo mpya kali, zikiwa ndogo zaidi. Baada ya wiki moja hivi kilichobaki pipani ni tope zito lenye unga laini wa chenga na unga wa mawe yenyewe. Ukiendelea kuzungusha bila kuongeza, mawe yatasuguana tu ndani ya uji. Kipimo ninachotumia katika hatua hii ni takriban vijiko viwili vya chakula vya chenga kwa kila nusu kilo ya mawe, na maji yanayofika chini kidogo ya usawa wa mawe ya juu. Maji yakizidi, chenga hazishiki kwenye mawe; yakipungua, tope linaganda na pipa linazunguka na kila kitu kimeshikana.

Wazo lenyewe la kusuguana ndani ya chombo kilichofungwa ni la kale kuliko mota. Kule Khambhat, katika Gujarat nchini India, ambako ushanga wa akiki nyekundu umetengenezwa kwa karne nyingi, mafundi waliutia ushanga kwenye mfuko wa ngozi pamoja na maji na unga wa kusugulia, kisha watu wawili wakawa wanausukumiana mfuko huo, huku na huku, kwa siku nyingi. Hawakuwa na namba kwenye pakiti. Walichokuwa nacho ni subira na jicho, na ushanga wao ungali unang'aa.

Turudi kwenye vile vialama vyeupe vya umbo la hilali. Hivyo si mikwaruzo. Ni nyufa ndogo za ndani, zilizotokana na jiwe kuangukia jiwe. Mawe ndani ya pipa hayapaswi kuanguka. Yanapaswa kupanda kidogo upande mmoja, kisha kuteleza kwa pamoja, kama mchanga unavyoporomoka kwenye kichuguu. Ili yafanye hivyo, pipa linatakiwa kujaa kati ya theluthi mbili na robo tatu. Wewe ulianza vizuri. Lakini hatua ya kwanza peke yake inaweza kula robo au hata theluthi ya jiwe, na uliendelea na pipa linalozidi kuwa tupu. Kufikia hatua ya mwisho, mawe yako yalikuwa na nafasi ya kurushwa, na ndani ya maji mepesi ya poda hakukuwa na cha kuyakinga. Kila kishindo kiliacha hilali yake.

Dawa ni kuliongezea pipa vipande vidogo vya kauri vilivyotengenezwa kwa kazi hii. Vinajaza nafasi, vinaingia kwenye mianya kati ya mawe makubwa, na vinapeleka chenga mahali ambapo jiwe kubwa haligusani na jiwe kubwa. Wengine hutumia punje za plastiki katika hatua za mwisho kama mto wa kulalia mawe, nazo zinafaa, ila zitumike katika hatua moja tu. Plastiki ikishaokota chenga haiziachi. Kauri inaoshwa ikatakata. Sikiliza pia sauti ya pipa: likiwa limejaa vizuri linatoa mvumo laini usiokatika. Ukisikia kugongagonga, zima mashine hapohapo.

Kuhusu mchanganyiko wa mawe yako, hapa uliyafunga pamoja mawe yasiyopaswa kusafiri pamoja. Kipimo cha Friedrich Mohs, cha mwaka 1812, kinapanga madini kuanzia talki, ambayo ni 1, hadi almasi, ambayo ni 10. Akiki, yaspi na amethisto zote ni za jamii ya kwarzi, kwa hiyo ziko kwenye 7 au karibu kabisa na hapo. Jiwe jeusi kama kioo, kwa maelezo yako, ni obsidiani, kioo cha volkano, lenye ugumu wa 5 hadi 5.5. Likiwa na akiki ndani ya pipa moja linaliwa haraka, kingo zake zinamenyeka, na vigae vyake vyenye ncha vinabaki vikizunguka na kukwaruza mawe mengine. Litengee siku zake, pamoja na kauri nyingi.

Mawe meupe ya mtoni yapime kabla ya jambo lolote. Chukua kisu cha chuma ujaribu kulikwaruza moja mahali pasipoonekana. Kisu kikiteleza na kuacha mstari wa kijivu unaofutika kwa kidole, huenda ni kwarzi. Kikichimba, jiwe ni laini. Kwangua unga kidogo, udondoshee siki; ukichemka vipovu, una kalisiti au marumaru, ambazo ni 3 tu. Mawe ya namna hiyo yakikaa na kwarzi yanageuka tope, tope linakuwa zito, na chenga zinaishiwa nguvu wakati wewe unadhani kazi inaendelea.

Amethisto ina jambo lake. Ni 7 kama akiki, lakini ugumu wa kutokwaruzwa si sawa na ukakamavu wa kustahimili kugongwa. Akiki imeundwa kwa nyuzi ndogondogo za kwarzi zilizosukana, ndiyo maana inavumilia. Amethisto ni fuwele kubwa, ina mipasuko ya ndani, na kishindo kimoja kinafungua ufa. Ningekuwa wewe ningeiweka pamoja na akiki ndogo zilizokwisha kuwa mviringo na kauri ya kutosha, wala si na yaspi za ukubwa wa yai. Na ukiianika, usiiache juani siku nyingi, kwani rangi yake ya zambarau hufifia kwa mwanga wa jua.

Limebaki pipa moja ulilolitumia kwa kila kitu, na hili nalisema nikiwa na maumivu ya kujua. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na pipa la akiki za kijivu zenye michirizi, nilizozikusanya kwa muda mrefu, na zilitoka hatua ya tatu zikiwa na ule wororo wa hariri unaomwambia mtu kwamba mwisho utakuwa mzuri. Moja ilikuwa na kishimo kidogo ubavuni. Niliipenda, nikashindwa kuitoa. Ndani ya kishimo kile mlikuwa mmejificha chembe za hatua ya kwanza, na ndani ya poda zikatoka. Siku ya saba kila akiki pipani ilikuwa na mikwaruzo mirefu iliyoonekana kwa macho. Chembe chache, na kazi ya wiki zote ikarudi nyuma.

Tangu hapo jiwe lenye shimo halivuki hatua ya kwanza, hata liwe zuri namna gani. Na pipa la poda ni la poda tu. Halijui chenga ni nini. Kama huwezi kupata pipa la pili sasa, lisugue hilo ulilonalo kwa brashi na sabuni, ndani, kwenye mfuniko, kwenye pete ya mpira, na hasa kwenye mfereji ambao mfuniko unakaa, maana hapo ndipo chenga hulala. Kisha zungusha mawe kwa saa kadhaa na maji, sabuni kidogo ya kawaida ya mche iliyokunwa, bila chenga yoyote, mwage maji hayo, usuuze, ndipo uende hatua inayofuata. Fanya bafu hili kati ya kila hatua na nyingine.

Kabla ya kurudisha mawe yako nyuma, nataka ulifanye jaribio moja litakalokuambia yarudi hadi wapi. Chukua akiki moja kavu yenye ukungu. Tengeneza uji mzito wa poda yako ya kung'arishia kwa maji kidogo, uupake kwenye kipande cha ngozi au kitambaa kigumu cha jinzi, kisha sugua sehemu moja ya jiwe kwa nguvu kwa dakika tano hadi kumi. Osha, kausha, angalia chini ya taa. Sehemu hiyo iking'aa kuliko kwingine, hatua zako za mwanzo zilikuwa sawa na tatizo lilikuwa ndani ya pipa la mwisho: chenga zilizosalia, pipa tupu, au muda. Isipobadilika, mikwaruzo ni mikubwa kuliko poda. Tumia lenzi ya kukuza mara 10 kuitazama. Ukiona mistari iliyo wazi au vidotovidoto, rudi kwenye chenga za 220. Ukiona mashimo na sehemu za uso wa asili ambazo hazijaguswa, rudi kwenye za 80.

Kwa dalili ulizonipa, natarajia utaona mchanganyiko. Akiki nyingi zitarudi hatua ya pili. Yaspi, ambazo mara nyingi zina vitundu vidogovidogo, zitarudi ya kwanza. Zenye hilali nazo zirudi ya kwanza, kwa sababu ufa ule umeingia ndani na haufutiki ila kwa kuondoa jiwe kuuzunguka. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba baadhi utayarudia tangu mwanzo. Poda uliyonayo, ikiwa ni oksidi ya alumini, itayatosha yote. Oksidi ya seriamu nayo hupendwa kwa kwarzi na obsidiani, lakini hilo ni jambo la baadaye.

Mambo mawili ya usalama. Kwarzi, akiki na yaspi zote ni silika, na vumbi la silika likiingia mapafuni linaleta ugonjwa usiopona wa silikosisi. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kwa pumzi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ndani ya pipa lenye maji uko salama. Hatari iko kwenye tope lililokauka mezani na kwenye kukata au kusugua jiwe kavu. Kwa hiyo futa tope likiwa bichi, wala usilifagie kavu. Ukipata malakiti, lile jiwe la kijani lenye mizunguko, kumbuka ni madini ya shaba na unga wake ni sumu. Silishauri kwa anayeanza. La pili: usimwage tope kwenye sinki wala bomba. Linatua, linashikana kama saruji, na hakuna dawa ya kuzibua inayoliyeyusha. Oshea mawe kwenye ndoo, acha tope litue usiku kucha, mwaga maji ya juu, lililobaki likaze chini ya ndoo ulitupe na taka likiwa bado na unyevu, ndani ya mfuko. Na kwa mawe usiyoyafahamu, fungua pipa kila siku katika siku za mwanzo, maana mengine hutoa gesi, na pipa lililofungwa likivimba hurusha mfuniko.

Ukimaliza safari hii ya pili, yape mawe bafu la mwisho la sabuni kwa saa chache, yasuuze, uyaache yakauke hadi kesho yake. Kisha kaa chini ya taa moja yenye umbo unalolijua, ushike jiwe, utafute taswira ya taa hiyo juu yake. Ukiona doa la mwanga lisilo na mipaka, bado. Ukiona taa yenyewe, na kingo zake zimekatika wazi, jiwe limeiva.